Kimara, Mbezi, Tegeta, Goba, Mbagala: kwanini pembezoni mwa Dar tulikuwa tunapiga kura tofauti na wenzetu wa mjini, na kwanini sasa wengi hatuendi kabisa

#1 Mleta uzi (Kimara)

Wadau heshima kwenu.

Kila uchaguzi ukipita watu wanachambua kura za Dar na jibu linakuwa lilelile, Kimara na Mbezi ni Wachaga, Mbagala ni watu wa kusini, Kawe ni wasomi, mjadala umefungwa. Mi nakaa njia hii ya Morogoro tangu Ubungo na Kibamba zikiwa jimbo moja na hilo jibu nalipinga moja kwa moja. Kama ni kabila, hao Wachaga walikuwepo Kimara 2005 wakati CCM inazoa majimbo yote ya Dar na Ubungo anachukua mzee Keenja. Miaka mitano tu mbele, 2010, jimbo hilohilo linaenda kwa Mnyika wa Chadema, na kule Kawe anapita Halima Mdee. Watu hawakubadili kabila ndani ya miaka mitano, kuna kitu kingine kilibadilika.

Tena wenye umri wetu mtakumbuka haikuanza 2010. Ule uchaguzi wa 1995 Dar ilibidi urudiwe Novemba baada ya vurugu za vifaa kuchelewa vituoni, na Ubungo ikaenda kwa Dk. Lamwai wa NCCR-Mageuzi. Mwaka uliofuata Temeke wakampa Mrema kwenye uchaguzi mdogo. Yani huu upande wa nje ya mji umekuwa na tabia ya kuondoka na kurudi, hauna chama cha kudumu.

Sasa mi naona hivi. Ukienda Magomeni, Ilala, Temeke ya zamani, Mwananyamala, mtu anajulikana. Kuna mjumbe wa nyumba kumi, na japokuwa tangu vyama vingi virudi 1992 mjumbe ni wa CCM na si wa serikali, mtaani bado ndo anayeamua ugomvi wa uchochoro, anajua nani amefiwa, nani mtoto wake hajaenda shule, nani mpangaji mpya. Siku ya kura mjumbe anajua nani hajatoka ndani, anapita na kugonga. Hiyo ni nguvu ambayo hakuna bango wala mkutano wa hadhara unaoifikia.

Huku kwetu mtu kanunua kiwanja kwa mtu binafsi, kajenga kidogokidogo kwa miaka, kahamia nyumba haina dari, kaweka ukuta, kaweka geti. Anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni, anarudi saa tatu usiku. Mjumbe hamjui na yeye hamjui mjumbe. Nguzo ya umeme alichangia na majirani, barabara ya kuingia ndani walichanga wakakodi greda, maji alinunua ya boza akajaza simtanki au akachimba kisima cha chumvi. Ofisi ya serikali ya mtaa anaiona siku akitaka barua ya utambulisho ya benki au siku ya kuandikishana mauziano ya kiwanja, na hapo analipa. Mtu kama huyu akisimama mbele ya karatasi ya kura hadaiwi fadhila na mtu. Anauliza maji yako wapi. Ndo maana Mnyika alivyokomaa na hoja ya maji bungeni alieleweka mpaka na watu ambao siasa hawazifuatilii kabisa, mana ile bomba ilikuwa inapita Kibamba na Mbezi kutoka mtambo wa maji wa Ruvu Juu inaenda mjini na sisi tuliokaa pembeni yake tunanunua kwa dumu.

2015 ndo ilikuwa kilele. Majimbo ya Dar yalikuwa 10, Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakachukua 6: Ubungo kwa Kubenea, Kibamba kwa Mnyika, Kawe kwa Mdee, Ukonga kwa Waitara, hao wote Chadema, halafu Kinondoni kwa Mtulia na Temeke kwa Mtolea, hao CUF. CCM wakabaki na Ilala, Segerea, Mbagala na Kigamboni. Hata mameya wa Kinondoni na Ilala wakawa wa upinzani, na uchaguzi wa meya wa Jiji uliahirishwa mpaka watu wakachoka, Isaya Mwita akaja kupatikana Machi 2016.

Mi nakumbuka foleni ya kituo chetu, shule ya msingi, saa kumi na mbili asubuhi inazunguka madarasa mpaka vyooni. Kina mama na watoto mgongoni, wazee na vigoda walivyobeba nyumbani, vijana wa bodaboda wamepaki pikipiki zote nje ya uzio. Watu wanaoishi ukuta kwa ukuta miaka mingi ndo wanasalimiana kwa mara ya kwanza pale kwenye mstari. Jioni matokeo yakabandikwa ukutani watu wanayapiga picha kwa tochi za simu.

Halafu angalieni kilichofuata. 2017 bomoabomoa ya Morogoro Road, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, nyumba zimepigwa X nyekundu, watu wana umeme, wana mita za maji, wengine wanalipa kodi ya majengo, wanaambiwa wako ndani ya hifadhi ya barabara. Mwishoni mwa mwaka huohuo na mwaka uliofuata wale tuliowachagua wanaanza kuhama, Mtulia akajiuzulu akarudi kugombea kwa CCM Februari 2018, Waitara akafuata, Mtolea akafuata. Yani ulipanga foleni tangu alfajiri kumchagua mtu wa chama fulani, anaamka anasema anaunga mkono juhudi, na uchaguzi unarudiwa kwa hela yako. Kinondoni ilivyorudiwa, siku moja kabla ya kura akafa binti mwanafunzi wa chuo, Akwilina, kwa risasi akiwa ndani ya daladala. Hapo mi naamini ndo huku pembezoni palivunjika moyo, kabla hata ya 2020.

2019 serikali za mitaa wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, Chadema wakajitoa. 2020 majimbo yote 10 yakarudi CCM. Watu wanasema Dar imerudi nyumbani. Mi nasema waliorudi ni wachache, wengi walibaki ndani ya geti. Kitaifa 2015 walijitokeza asilimia 67 ya walioandikishwa, 2020 ni kama 51. Hizo ni namba za tume yenyewe.

Naomba michango ya watu wanaokaa huku kweli, mtaje na kata kama mnaweza.

#2 Mzee wa Magomeni

Mleta uzi umeandika vizuri ila mjumbe usimfanye kama askari kanzu. Mi mama yangu alikuwa mjumbe Magomeni Mapipa mpaka anafariki, hakuwa analipwa hata shilingi. Watu walimpigia chama chake kura kwa sababu usiku wa manane mtoto akiugua wanagonga kwake, yeye ndo anajua nani ana gari. Huku kwenu kwenye magorofa ya Goba mtu anaibiwa majirani wanasikia na hakuna anayetoka. Kwahiyo kama CCM walikuwa na mtu kama huyo kila nyumba kumi na wapinzani hawana, kura walizipata kihalali.

Na usisahau Kinondoni na Temeke ni uswahilini kabisa, mjumbe yupo, na zilienda CUF 2015. Hiyo nadharia yako ya ukuta na geti inasemaje hapo?

#3 Mama wa Goba

Nimeipenda mada. Nyie wanaume mnaongelea majimbo tu, mi niongelee kina mama maana huku ndo tunashinda.

Huku Goba wakati nahamia tulikuwa hatujuani kweli. Kilichotukutanisha ni kikoba. Na kikoba kikikua mnatafuta ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Kuupata mnatakiwa kusajili kikundi, mpite kwa afisa maendeleo wa kata, mpate barua za mtaa, na kwenye kila hatua kuna mama wa UWT, jumuiya ya wanawake wa CCM, anayejua mlango gani ugongwe. Hakuna aliyetulazimisha kadi, ila mkishakaa nae miezi, amewafundisha kujaza fomu, amekuja kwenye arobaini ya mwanao, siku akisema jamani njooni kwenye mkutano utasema huji? Kwahiyo kaka ukuta ulizuia mjumbe ila haukuzuia kikoba. Mi nimeona kwa macho yangu kina mama ambao 2015 walikuwa wanapeperusha vidole viwili vya Chadema barabarani, 2020 wako na vitenge vya kijani, na sio unafiki, maisha yaliwapeleka.

Ile 2023 mikopo iliposimamishwa wakisema utaratibu unarekebishwa, kina mama huku walikasirika kuliko walivyokasirika kwa jambo lolote la siasa. Ingekuwa kuna uchaguzi mwaka ule mngeona.

#4 Niliyekuwa wakala (Mbezi)

Nilisimama wakala wa chama cha upinzani chaguzi mbili kwa hiyo nizungumzie kituoni.

2015 kura zikihesabiwa mpaka mwisho unapewa nakala yako, fomu 21A ya rais, 21B ya mbunge, 21C ya diwani. Unaikunja unaweka ndani ya soksi, unakimbia nayo. Sisi tulijua Kibamba tumechukua usiku uleule kwa sababu tulikuwa na fomu za vituo vyetu mkononi, tunajumlisha kwenye daftari la shule. Hicho ndo kilikuwa kinawapa watu nguvu ya kukesha.

Kwenye fomu ndo unaona mambo ambayo mchambuzi wa mbali haoni. Chumba cha kwanza na cha pili shule moja, majina yamepangwa kwa alfabeti tu, ila kata na kata ni tofauti kubwa. Vituo vya barabarani, karibu na stendi na soko, kura za rais na mbunge zinafanana. Vituo vya ndani huko kwenye viwanja vipya, kuna watu wengi walimpa Magufuli urais na Mnyika ubunge. Walimpenda mzee kwa ujenzi wa barabara alivyokuwa waziri na wakamtaka kijana awasemee maji. Mpiga kura wa huku anachagua mtu na kazi, nakubaliana na mleta uzi hapo.

2020 mawakala wetu wengi walikwama milangoni, mara kiapo, mara barua haijafika, na upinzani ulilalamika nchi nzima. Ukishakuwa huna fomu mkononi huna cha kumwambia mtu aliyepanga foleni. Hapo ndo kura inakufa, sio kwenye kampeni.

#5 Mleta uzi (Kimara)

Mzee wa Magomeni shikamoo, na pole kwa mama. Swali la Kinondoni na Temeke ni zuri. Pale CUF walikuwa na mtandao wao wa muda mrefu, mabaraza ya kahawa, maskani, watu wa pwani na wa visiwani, yani na wao walikuwa wanajulikana nyumba kwa nyumba kama mjumbe. Ndo maana Ukawa walipogawana majimbo, yale ya uswahilini wakapewa CUF na yale ya nje wakapewa Chadema, viongozi wenyewe walijua ramani. Na walipoivunja ramani walilipia. Segerea alisimama Mtatiro wa CUF na akasimama mgombea wa Chadema pia, kura zikagawanyika, Bonnah Kaluwa wa CCM akapita.

Mama Goba ulichoandika kuhusu kikoba kinatakiwa kisomwe na kila kiongozi wa upinzani. Chadema miaka ile walikuja na chopa na mikutano, watu wakajaa uwanjani, kesho yake hakuna aliyebaki mtaani kumsaidia mama kujaza fomu.

#6 Kijani wa Mbezi Luis

Mi ni mwana CCM na siogopi kusema, naomba nisikilizwe bila matusi.

Mnaongea kama vile 2020 hakuna mtu wa Mbezi aliyebadilika kwa hiari yake. Kumbukeni huku kulikuwaje. Ruvu Juu ilipanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku mpaka 196, maji yakaanza kufika sehemu ambazo mlikuwa mnamlilia Mnyika. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016 na njia yake ilifika mpaka Kimara. Barabara ya Kimara hadi Kibaha ilianza kupanuliwa kuwa njia nane, ujenzi wa daraja la juu pale Ubungo uliendelea mchana na usiku, stendi ya mabasi ya mikoani ikaja Mbezi Luis, na kuja kwake kumetupa biashara, mi mwenyewe nina kibanda cha chakula pale na nasomeshea. Vyote hivyo watu waliviona kwa macho vikijengwa wakati wa kampeni 2020. Mpiga kura anayeuliza maji yako wapi, siku maji yakifika anatakiwa afanyeje? Kwa hoja yenu wenyewe, anatakiwa ampe aliyeyaleta.

Bomoabomoa iliumiza, sikatai. Shangazi yangu alikuwa mmoja wapo, aliondoka na mabati na fremu za madirisha tu. Lakini hata yeye anapita kwenye hiyo barabara.

#7 Mleta uzi (Kimara)

Ndugu yangu wa Mbezi nakuheshimu kwa kuandika kwa jina la chama chako na hoja. Nakubali kabisa kuna watu walibadilika kwa maji na barabara, na hiyo inathibitisha ninachosema kwamba huku hakuna chama cha kuzaliwa nacho. Tatizo langu ni kwamba mtu akibadilika kwa hiari inabidi awe na uwezo wa kubadilika tena siku maji yakikatika. Na yanakatika, mgao wa 2022 Ruvu ilivyopungua mnaukumbuka, watu walirudi kwenye boza kama 2010. Sasa siku hiyo ukifika mtaani mwenyekiti alipita 2019 bila kupingwa, diwani hujawahi kumuona, mbunge ni wa chama kilekile, unamuonesha nani hasira yako?

Novemba 2024 serikali za mitaa ikawa vilevile, wagombea wa upinzani wakaenguliwa tena, CCM wakatangazwa na asilimia 99 ya mitaa. Oktoba 29 mwaka 2025 ndo kabisa, Chadema hawakuwemo kwenye karatasi, tume iliwaondoa Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili huku wao wakidai mabadiliko kwanza, Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tume ikatangaza Rais Samia kapata asilimia 97.66 na waliojitokeza asilimia 87. Wakati huohuo siku ile Ubungo na Kimara barabarani mnajua kulikuwaje, jioni amri ya kutotoka nje, intaneti imekatwa, na kuna familia mpaka leo zinatafuta watu wao. Mimi asilimia 87 kwenye vituo vya mtaani kwetu sikuiona. Madarasa yaleyale ambayo 2015 foleni ilifika vyooni, yalikuwa na makarani wamekaa.

Vijana walioingia barabarani siku ile wengi walikuwa watoto wadogo 2015, hawajawahi kushuhudia kura ya baba yao ikibadilisha diwani.

#8 Mpangaji (Kinyerezi)

Mi kijana niongeze kitu kimoja. Sisi wapangaji wa huku tunahama kila kodi ikipanda. Nilijiandikisha Sinza, nikahamia Tabata, sasa niko Kinyerezi, kadi inasema Sinza. Kuhamisha taarifa ni mpaka wakati wa uboreshaji wa daftari na wanakuja siku chache kwenye kata, mimi niko kazini. Siku ya kura niende Sinza kumchagua diwani ambaye dampo lake silioni tena? Nimekaa nyumbani. Kwenye nyumba ninayoishi tuko wapangaji vyumba sita na hakuna hata mmoja ambaye kadi yake ni ya hapa. Mwenye nyumba ndo amejiandikisha hapa na mwenyewe anaishi Arusha.

#9 Wa Chamazi

Huku kwetu hamjagusa. Chamazi, Mbande, Kongowe, wengi wetu tumetoka Kariakoo na Ilala, nyumba ya urithi imeuzwa kupisha gorofa, ndugu wamegawana, kila mmoja kaja kununua kiwanja huku. Kwa hiyo tumehama na mjumbe wetu. Mtaani kwetu katibu wa shina la CCM ni mtu niliyecheza nae gombania goli Gerezani. Ndo maana 2015 jimbo la Mbagala halikwenda upinzani pamoja na shida zote za barabara ya Mbagala, sio kwamba tumeridhika.

Na idadi imekuwa kubwa sana, sensa ya 2022 Temeke peke yake ni watu 1,346,674, mpaka mwaka 2025 tukapewa jimbo letu la Chamazi, na Ukonga wakakatiwa Kivule. Majimbo yanaongezeka ila zahanati ya huku ukifika saa tatu asubuhi unaambiwa namba zimeisha.

#10 Mleta uzi (Kimara)

Wa Chamazi hii ya kuhama na mjumbe sikuwahi kuiwaza na imejibu swali la Mbagala kuliko vitabu. Kwahiyo kuna nje ya mji mbili, iliyojaa watu waliokuja mmojammoja na geti lao, na iliyojaa mtaa mzima uliohamishwa.

Mpangaji wa Kinyerezi, wewe ndo wengi. Ubungo ina watu 1,086,912 kwa sensa hiyohiyo na ukitembea jioni Kimara Mwisho vijana wengi ni wa vyumba vya kupanga. Uboreshaji ukija tena naomba mtu yeyote mwenye ratiba ya kata aiweke humu mapema, na sisi wenye nyumba tusiwanyime wapangaji barua za mtaa, kuna wenye nyumba wanakataa kusema mpangaji ni wa hapa wakiogopa kodi.

Mama Goba, ule utaratibu mpya wa asilimia kumi ulivyorudi, vikundi vya huko vimeshapata au bado mnazungushwa?

#11 Mama wa Goba

Kikundi kimoja kimepata, cha mama ntilie wa sokoni. Sisi tumeambiwa tusubiri robo inayofuata, fomu tumeshajaza upya, mara hii nimejaza mwenyewe kwa mkono wangu na kina mama wengine wawili nimewaelekeza.

#12 Niliyekuwa wakala (Mbezi)

Fomu zangu za 2015 bado ninazo, za vituo vya shule mbili. Mleta uzi ukitaka nitazipiga picha niweke humu kesho, nikifunika majina ya mawakala, ili watu waone kura za rais na za mbunge zilivyotofautiana kituo kwa kituo.